Ripoti ya kipimo cha mate inasema hatari ya kisukari ni "nafasi ya 92". Mgonjwa aambiwe nini?

TabibuWaKliniki

Wakuu, habari za kazi. Naomba wataalamu wa jeni na watu wa maabara mnisaidie.

Watu wameanza kuja kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza na ripoti za vinasaba kwenye simu, nyingi ni za kipimo cha mate kilicholipiwa na ndugu aliyeko nje. Tuchukue mfano wa namna hii: mwanaume wa miaka 38, mama yake ana kisukari, kiuno sm 101, sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.4 mmol/L, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita) asilimia 5.6. Ripoti inasema hatari yake ya kisukari aina ya 2 iko "nafasi ya 92 kati ya 100".

Hiyo 92 ni uwezekano wa kuugua? Alama hizi zinafaa kwa mtu wa huku kwetu? Na mbona HbA1c inasema yuko salama wakati sukari ya asubuhi imeshapanda? Natanguliza shukrani.

JeniNaHesabu

Tabibu, 92 si uwezekano wa kuugua. Wapange watu 100 kwenye foleni kwa kufuata alama zao, ndogo mbele kubwa nyuma, yeye ni wa 92. Foleni haisemi wangapi wataugua. Tufanye hesabu ya mfano tu: kama katika watu wa rika lake 10 kati ya 100 wataugua ndani ya miaka 10, na walio mwishoni mwa foleni wana hatari mara 1.8 ya hiyo, basi kati ya 100 walio kama yeye wataugua 18, na 82 hawataugua. Mpe hesabu kwa vichwa vya watu namna hiyo, maana anayesoma 92 peke yake anaondoka akiamini ameshaugua.

Alama yenyewe inatengenezwa hivi. Chipu inasoma sehemu laki kadhaa za DNA, programu inakisia nyingine nyingi zilizo katikati, halafu kwa kila herufi ya DNA inayohusishwa na kisukari wanaangalia una nakala 0, 1 au 2, wanazidisha kwa uzito wa herufi hiyo (kiasi inachopandisha hatari) na kujumlisha yote. Uzito wa moja moja ni mdogo. Miongoni mwa herufi za kawaida, yenye nguvu zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya iko kwenye jeni ya TCF7L2, iliyotangazwa na watafiti wa Iceland mwaka 2006. Hata hiyo, kila nakala inapandisha hatari kwa takriban mara 1.4 tu. Nyingi ya zilizobaki haziongezi hata sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana hakuna "jeni ya kisukari" ambayo mtu anayo au hana.

Sasa swali la pili, na hapa ndipo ripoti inapochechemea. Uzito ule ulipimwa kwa nani? Hadi 2019, kama asilimia 79 ya washiriki wa tafiti hizi duniani walikuwa wenye asili ya Ulaya. Herufi inayosomwa na chipu mara nyingi si yenyewe inayoleta madhara. Ni jirani anayerithiwa pamoja na mkosaji. Watu wa Afrika wana historia ndefu kuliko wote, DNA imekatwa na kuchanganywa kwa vizazi vingi zaidi, kwa hiyo jirani na mkosaji mara nyingi wameshaachana. Kipimo kinamkuta jirani, mkosaji hayupo. Na kuna wakosaji wa huku ambao kipimo hakiwatafuti kabisa: mwaka 2019 utafiti wa kisukari uliohusisha watu wa Nigeria, Ghana na Kenya ulionyesha jeni ya ZRANB3, ambayo tafiti za Ulaya hazikuwa zimeiona. Mwaka huohuo ilikadiriwa kwamba usahihi wa alama za namna hii, kwa wastani wa sifa mbalimbali za mwili, ni pungufu mara 4.5 kwa watu wenye asili ya Afrika ukilinganisha na wa Ulaya.

Kitu kimoja ukitafute kwenye ripoti kabla ya vyote: foleni aliyopangwa ni ya watu gani? Herufi zinatofautiana wingi kati ya bara na bara. Mwafrika akipangwa kwenye foleni ya Wazungu anaweza kusogea mbali, mbele au nyuma, kwa sababu ya asili yake tu. Kama ripoti haisemi kundi la kulinganishia, namba hiyo usiitumie kuamua chochote.

Hadubini

Nijibu la tatu, kwa sababu kwa mgonjwa huyu ni zito kuliko ripoti yake.

HbA1c ni sukari iliyoganda kwenye himoglobini katika maisha ya chembe nyekundu, kama siku 120. Chembe zikifa mapema hazipati muda wa kukusanya sukari, na HbA1c inatoka chini ilhali sukari ya damu iko juu. Kinachofupisha maisha ya chembe hizo huku kwetu mara nyingi ni cha kurithi, kwa sababu jeni hizi zilisambaa palipo na malaria.

Ya kwanza kuifikiria kwa mwanaume ni upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, uleule unaotufanya tuogope kutoa dawa ya dapsoni ovyo. Jeni iko kwenye kromosomu X, mwanaume ana nakala moja tu, ikiwa na hitilafu hakuna ya kuisaidia. Kwa Wamarekani weusi wenye aina ya Kiafrika ya hitilafu hiyo, utafiti wa 2017 ulikuta HbA1c ya wanaume iko chini kwa takriban 0.8. Weka hiyo kwenye mfano wako: 5.6 ya karatasi inaweza kuwa 6.4 ya kweli, na hiyo inaendana vizuri na sukari ya asubuhi ya 6.4. Mbeba selimundu (AS) naye anashuka, ila kidogo, kama 0.3. Watafiti wa jeni kusini magharibi mwa Uganda, 2019, walikuta ufutikaji wa kipande cha jeni unaoleta alfa-thalasemia (hitilafu ya kurithi ya himoglobini) nao unagusa HbA1c. Upungufu wa madini ya chuma unavuta upande wa pili, unaipandisha.

Watu wanachanganya makosa mawili hapa. Kuna mashine kudanganywa na umbo la himoglobini, hilo linatatuliwa kwa kubadili mashine au njia ya kupima. Na kuna chembe kufa mapema, hilo halina mashine ya kulitatua, maana namba ni sahihi ila haimaanishi unachodhani. Mgonjwa wa selimundu kamili (SS), au wa SC (aliyerithi himoglobini S na C), usimpime HbA1c kabisa. Vilevile aliyeongezewa damu karibuni.

Kwa huyu fanya kipimo cha kunywa glukosi. Siku 3 kabla ale wanga kama kawaida, angalau gramu 150 kwa siku. Akijinyima, majibu yatapanda kwa uongo. Afunge saa 8 hadi 14, maji ruksa, sigara hapana. Chukua damu ya kwanza, kisha gramu 75 za glukosi kwenye mililita 250 hadi 300 za maji, amalize ndani ya dakika 5. Saa zinaanza kuhesabiwa anapopiga funda la kwanza. Akae, asitembeetembee. Akitapika, rudia siku nyingine. Damu ya pili baada ya saa 2: chini ya 7.8 ni kawaida, 7.8 hadi 11.0 uwezo wa kuhimili sukari umepungua, 11.1 au zaidi ni kisukari. Kama hana dalili, majibu ya kisukari yathibitishwe siku nyingine.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni tyubu. Chembe hai zinaendelea kula sukari ndani ya tyubu, asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Kifuniko cha kijivu chenye floraidi hakizuii papo hapo, kinachukua saa moja au zaidi kushika sawasawa. Weka kwenye barafu na tenganisha plazma (majimaji ya damu) na chembe ndani ya dakika 30.

TabibuWaKliniki

Nimeelewa vizuri sana. Basi ripoti tuwaambie waitupe? Halafu kuna hoja nasikia kila wiki: "Kama ni damu ya ukoo, nijinyime ya nini?"

LisheNaSukari

Hoja hiyo ina jibu la kupimwa, tabibu. Marekani, utafiti wa kuzuia kisukari uliotolewa 2002 ulikuwa na watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin kwa asilimia 31. Baadaye wakasoma jeni zao. Katika kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa, wenye nakala 2 za ile herufi ya TCF7L2 waliugua zaidi, hatari yao ilikuwa kama mara 1.8 ya wasio nayo. Katika kundi la chakula na mazoezi, tofauti hiyo haikuonekana tena kwa uhakika. Kwa hiyo mwenye damu ya ukoo ndiye mwenye sababu zaidi ya kutembea. Kama ana kilo 92, asilimia 7 ni kilo 6.4. Mpe namba hiyo, siyo "punguza uzito".

Ripoti asiitupe, ila isimzidi mama yake. Mzazi mmoja mwenye kisukari aina ya 2 anapandisha hatari kama mara 2 hadi 3, na taarifa hiyo ni bure.

JeniNaHesabu

Naunga mkono, na nyongeza: historia ya ukoo imebeba jeni pamoja na jiko la pamoja, usiisome kama jeni tupu. Uliza pia mama aliugua akiwa na umri gani. Kisukari kilichoanza kabla ya miaka 25, kwa mtu mwembamba, vizazi 2 au 3 mfululizo, kinaweza kuwa cha jeni moja, ambacho kila mtoto ana nusu kwa nusu kukirithi. Hicho ripoti ya mate ya kawaida haikitafuti. Kinahitaji kusomwa kwa jeni husika, GCK na HNF1A zikiwa za kwanza. Faida yake ni kubwa: wa HNF1A mara nyingi anatosheka na dozi ndogo ya vidonge vya gliklazaidi, na wa GCK kwa kawaida hahitaji dawa kabisa, isipokuwa pengine wakati wa ujauzito.

TabibuWaKliniki

Swali la mwisho kwa Hadubini: poda iliyopo stoo imeandikwa glukosi monohaidreti. Gramu 75 zilezile?

Hadubini

Hapana, hiyo ina maji ndani yake. Pima gramu 82.5. Ukiweka 75 unampa glukosi 68 tu, na wa 7.9 anaweza kutoka 7.6 akaambiwa yuko sawa.