Mrejesho: kiuno cha mjomba na kairopraktiki

Ahsanteni nyote mlionijibu nilipouliza kama ni salama kumpeleka mjomba, mvuvi wa Mayungu anayesumbuliwa na kiuno, kwa mtaalamu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha mgongo na maungio kwa mikono. Tulikwenda. Kabla hajaguswa alipimwa nguvu za miguu, akaulizwa: una ganzi mapajani au sehemu za siri? Mkojo unakutoka bila kutaka, au unakataa kutoka? Homa je? Ukijibu ndiyo, hapo ni hospitali, tena upesi.

Mgongo ukalia ko! Mjomba akaruka, "We mwana, waniua!" kisha akacheka. Mlio ule ni gesi ya kwenye maungio tu, si mfupa uliorudi mahali pake.

Nafuu ameipata, ila ya kiasi; kuinama kuvuta nyavu bado shughuli. Na tafiti ndivyo zinavyoonyesha: kwa kiuno tiba hii husaidia kidogo, karibu sawa na mazoezi. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitaja katika mwongozo wake wa 2023 wa maumivu sugu ya kiuno. Wanaodai inatibu pumu, mimi siwaamini.

Shingo nilikataa katakata. Kuizungusha kwa ghafla kumehusishwa, ingawa kwa nadra, na kuchanika kwa mishipa ya damu na kiharusi. Mjomba akanuna, eti nimemnyima uhondo!

Aliyeuliza kuhusu bibi yake mwenye mifupa dhaifu: usimpeleke kunyooshwa, mwone daktari kwanza. Mjomba sasa yuko kwenye mazoezi ya kiuno kila asubuhi, na majirani wamcheka.