Dokta anajuaje malaria hii itaua na hii itapona?

Wakuu naomba kuuliza, watu wawili wote wana malaria mmoja anapewa dawa anarudi nyumbani mwingine kesho yake yuko ICU. Je ni wingi wa vijidudu kwenye damu ndo unaamua au kuna kingine?

Jibu 1:
Mkuu wingi unachangia, vikizidi 10% ya seli nyekundu hiyo ni malaria kali, lakini usiuamini sana maana vijidudu vya falsiparamu (aina ya malaria inayoua zaidi) vikikomaa vinajibandika kwenye vimishipa vidogo vya ubongo na kwingine, kwenye darubini huvioni, slaidi inaonyesha vichache kumbe mgonjwa yuko hoi. Kinachotisha zaidi ni fahamu na pumzi. Utafiti wa watoto wa Kilifi uliotoka 1995 ulionyesha wengi wa waliofariki walikuwa wamepungukiwa fahamu au wanapumua kwa shida.

Jibu 2:
Naongezea hapo kwenye pumzi, mtoto anavuta pumzi ndefu nzito watu wanadhani nimonia kumbe damu imejaa asidi. Laktati (ndiyo asidi yenyewe kwenye damu) ikifika 5 mmol/L na kuendelea, au sukari ya damu ikishuka chini ya 2.2 mmol/L, usisubiri. Na sukari ipimwe tena na tena jamani, wengine wanapima mara moja basi.

Aliyeuliza:
Asanteni. Sasa kama hakuna maabara?

Jibu 1:
Macho yako. Hawezi kukaa, hanyonyi, degedege, mkojo mweusi, yeyote kati ya hao anahitaji artesunate (dawa ya malaria kali) ya sindano, na hospitali haraka.