Tupeane uzoefu: mitishamba ya kutuliza maumivu ya hedhi

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa uzoefu wetu wenyewe kuhusu mitishamba tuliyoitumia kutuliza maumivu ya hedhi, ambayo wengi wetu tumezoea kuyaita chango. Ombi langu ni kwamba anayeeleza asiishie kutaja jina la mmea, bali aseme aliuandaaje na alianza lini kuutumia, na kama haukumsaidia aseme hivyo pia.

Naanza na tangawizi. Huwa naponda kipande kibichi chenye ukubwa wa kidole gumba, nakichemsha polepole katika vikombe viwili vya maji, nachuja, kisha nakunywa asubuhi na jioni. Kwangu tofauti kubwa hutokana na muda wa kuanza: nikianza dalili za kwanza zinapojitokeza, maumivu huja hafifu, lakini tumbo likishashika, chai hiyo hunipa joto tu. Sababu yake inaeleweka, kwani utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unapobomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya msuli wa mfuko huo ubane kwa nguvu. Tangawizi hupunguza utengenezaji wa kemikali hizo, wala haiondoi zile zilizokwisha kutoka. Katika tafiti nyingi, wanawake walipewa unga wa tangawizi wa miligramu 750 hadi 2,000 kwa siku, katika siku 3 au 4 za mwanzo wa hedhi.

Mchangiaji wa pili

Ahsante, dada. Mimi tangawizi hunichochea kiungulia, kwa hiyo natumia mdalasini, kijiti kimoja katika kikombe cha maji yanayochemka, nikikifunika kwa muda kabla ya kunywa. Hunipunguzia kichefuchefu kuliko maumivu yenyewe, na hilo peke yake ni msaada mkubwa kwangu. Ninaunywa siku za hedhi tu, kwa sababu mdalasini wa gome nene una kemikali nyingi iitwayo kumarini, na ukitumiwa kwa wingi kila siku huweza kudhuru ini.

Mchangiaji wa tatu

Binti yangu alijaribu uwatu uliolowekwa usiku kucha, akaushindwa kwa uchungu wake. Kilichomfaa kuliko majani na mbegu zote ni chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa chini ya kitovu. Najua si mtishamba, ila siwezi kuiacha, maana joto la takriban nyuzi 39 likikaa tumboni kwa saa kadhaa limeonekana kutuliza maumivu haya karibu sawa na vidonge vya ibuprofeni. Wenye kisukari wanaotumia dawa wawe waangalifu na uwatu, kwa kuwa nao hushusha sukari.

Mchangiaji wa nne

Wapendwa, mimi ni yule ambaye mitishamba haikumfaa. Nilikunywa yote mliyoyataja, na mengine ambayo jina lake sikuambiwa, huku watu wazima wakinihakikishia kwamba nikizaa yatakwisha. Maumivu yangu yalianza siku kadhaa kabla ya damu, yakaendelea baada yake, yakanishika hata nilipokwenda haja kubwa, na kila mwaka yalizidi. Picha ya ultrasaundi haikuonyesha kitu. Ni baada ya daktari wa wanawake kuingiza kamera ndogo tumboni ndipo ilipojulikana kuwa nina endometriosisi, yaani tishu inayofanana na utando wa mfuko wa uzazi imeota nje ya mfuko huo. Sasa natumia vidonge vya homoni, na tangawizi nainywa kwa sababu naipenda. Dada ambaye maumivu yake yanafanana na haya, nakusihi usikubali kuambiwa kwamba kila mwanamke huumia hivyo.

Mchangiaji wa tano

Mimi ni mkunga, na dada hapo juu amesema lililo muhimu kuliko yote. Nitaongeza machache. Mtishamba wowote usiwekwe ukeni, kwani huunguza na kuleta maambukizi. Dawa za chupa zisizotajwa zimechanganywa nini ziachwe kabisa. Anayelowanisha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au ambaye hedhi imechelewa kisha akapata maumivu makali ya upande mmoja, aende hospitali mara moja, kwani kwa huyu wa pili huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi.

Mleta mada

Ahsante sana, mama. Je, mtu anaweza kunywa chai ya tangawizi siku hiyo hiyo anayotumia ibuprofeni?

Mchangiaji wa tano

Mwenye afya njema anaweza, mradi vidonge avimeze baada ya kula na asizidishe kipimo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, amwone daktari kwanza, kwa kuwa ibuprofeni humhatarisha, na tangawizi nyingi nayo huweza kuongeza utokaji wa damu.