Jirani anakula bando langu: naomba ushauri kuhusu ruta ya nyumbani

Wakuu, habari zenu. Mwezi huu nimefunga ruta ya laini ya 4G hapa Mbagala, nyumba ya kupanga, vyumba 6 uani. Kifurushi cha mwezi kikakata siku ya 9! Kuingia 192.168.1.1 (ukurasa wa mipangilio ya ruta) nakuta vifaa 11 vimeunganishwa, na kwangu kuna simu 3 na runinga basi.

Kosa ni langu. Niliacha nywila ileile iliyobandikwa chini ya ruta, na watoto wa majirani hushinda sebuleni kwangu. Hata ukurasa wa mipangilio ulikuwa unafunguka kwa jina admin na nywila admin, kama ilivyotoka dukani. Nimebadilisha zote na kuzima WPS (ile ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe, bila kuandika nywila).

Nilipokwama: nikiweka WPA3 (ulinzi mpya wa Wi-Fi) runinga yangu ya zamani inagoma, nikirudi WPA2 (ulinzi wa kabla yake) inashika. Nibaki WPA2 yenye nywila ndefu, au niweke ile ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3?

Halafu ruta iko dirishani, ndipo 4G inaposhika vizuri, ila Wi-Fi ya masafa ya GHz 5 haifiki chumbani. Nitumie ya GHz 2.4 tu?

Na mama mwenye nyumba naye anaomba nywila. Nimfungulie mtandao wa wageni? Unaweza kuwekewa kikomo cha matumizi?