Mboga za nyuma ya jiko

*Kikundi: Familia ya Chavakali*

Linet: Hamjambo nyumbani. Mama, leo nimepika mrenda. Nimeununua kwa mama mboga hapa Free Area, majani yamesinyaa. Nimeuchambua machozi yakinitoka.

Mama: Pole mwanangu. Umetia munyu, chumvi yetu ya jivu?

Linet: Munyu wa jivu nitaupata wapi Nakuru? Nimetia magadi. Umeteleza, lakini si kama wako. Mama, ulikuwa ukinituma nichume likuvi, majani ya kunde, nanuna. Nilipita katikati ya ile mboga miaka yote nikaona ni majani tu. Hapa nikifungua dirisha naona ukuta.

Isaac: Kweli dada. Huku Kisumu, soko la Kibuye Jumapili limejaa saga, mitoo, kila mboga ya kienyeji. Lakini ya nyumbani unachuma maji ya ugali yakiwa tayari motoni.

Senge (shangazi): Watoto, ngojeni niwaambie. Mwaka ule kaka yangu alipoachishwa kazi, shamba hilo la nyuma ya jiko ndilo lililowalisha. Wifi alikuwa akiamka saa kumi, anafunga mafungu ya managu (mnavu), anatembea nayo hadi sokoni kabla ya jua. Karo ya Isaac ya kidato cha kwanza ilitoka hapo. Yote.

Isaac: Mama?

Linet: Hukutuambia.

Mama: Mlikuwa wadogo. Kazi yenu ilikuwa kushiba na kusoma.

Isaac: Asante Mama. Asante sana.

Mama: Linet, una udongo hapo?

Linet: Nina magunia mawili kwenye baraza. Mwenye nyumba amekubali.

Mama: Anza na managu, haiogopi baridi ya Nakuru. Mrenda unapenda joto, kwako utakua polepole. Na mbegu yake ni ngumu. Ifunge kwenye kitambaa, ichovye kwenye maji yaliyochemka, hesabu hadi kumi, kisha itie kwenye maji baridi. Usipofanya hivyo nyingi hazitaota. Changanya na mchanga, usifukie sana. Likuvi usiing'oe, chuma majani machanga tu, itachipua tena.

Isaac: Nami nitumie za mrenda, huku joto liko.

Mama: Nitawafungia nyote.

Linet: Na munyu, Mama. Hata chupa ndogo.

Mama: Maganda ya maharagwe nimeshayawasha hapa uani. Jivu likipoa nitalichuja asubuhi, chupa ije na gari la saa nne.