Mjadala: Je, kompyuta za umma ziwekewe mfumo endeshi wa kujijengea?

Mleta mada (Dodoma Mjini):

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wake wa Windows 10, na mrithi wake, Windows 11, haikubali rasmi kompyuta isiyo na TPM 2.0 (kijenzi cha usalama ndani ya mashine) wala yenye prosesa ya zamani. Mashine ambazo bado ni nzima zimekosa pa kwenda. Wapo vijana wa TEHAMA wanaosema dawa yake ni Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure, na si Linux yoyote, bali ile ambayo mtumiaji huijenga mwenyewe kipande kwa kipande: Arch, Gentoo, au hata Linux From Scratch, ambayo kimsingi ni kitabu cha maelekezo alichokianzisha Gerard Beekmans mwaka 1999. Naomba tujadili kama mifumo ya namna hiyo inafaa kuwekwa kwenye kompyuta za shule, vyuo na halmashauri zetu.

Msimamo wangu ni kwamba haifai, na sisemi hivyo kwa kuwa ni migumu. Arch, ambayo Judd Vinet aliitoa mwaka 2002, humwachia mtu skrini nyeusi ili agawe diski, apange mtandao, achague programu ya kuwashia mfumo na aamue kama anahitaji madirisha ya kubofya kwa kipanya au la. Anayeifikisha kazi hiyo mwisho huwa ameielewa kompyuta yake, na ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dodoma apite njia hiyo mapema. Shida huanza baada ya hapo. Arch haina matoleo, bali husasishwa mfululizo, na waundaji wake wanasema wazi kwamba kusasisha vifurushi vichache (yaani programu zinazounda mfumo) na kuviacha vingine hakukubaliki. Mashine iliyokaa muhula mzima bila kuguswa katika sekondari fulani ya Kongwa itataka kupakua karibu kila kitu kwa mkupuo, pengine kwa bando la mwalimu mwenyewe.

Na mwalimu huyo huhamishwa. Leo yuko Bahi, mwakani yuko Mpwapwa, na akipanda cheo huenda akapelekwa mkoa mwingine kabisa. Mfumo alioujenga kwa mkono wake umebeba maamuzi mengi ambayo sababu zake anazijua yeye peke yake, ilhali hati ya makabidhiano huorodhesha meza, viti na funguo. Ndiyo maana naona kompyuta za umma zipewe Debian, Linux nyingine isiyohitaji kujengwa kipande kwa kipande, ambayo toleo lake imara hutoka takriban kila baada ya miaka miwili na kuhudumiwa kwa takriban miaka mitano, hivyo hata mgeni ataikuta katika hali anayoweza kuitambua.

Mchangiaji (Chamwino):

Ndugu mleta mada, hoja yako ya uhamisho ni nzito, ila unaitwika Arch mzigo usio wake. Windows isiyo na leseni iliyowekwa na fundi wa mtaani nayo haina maelezo yoyote, na hatujasikia mtu akiipigia kelele. Kasoro hapo ni kutoandika. Katika Arch, amri moja ya pacman, programu yake ya kuweka na kuondoa vifurushi, hutoa orodha ya vifurushi vyote ulivyoviweka kwa hiari yako, na sehemu kubwa ya mipangilio ya mfumo ni faili za maandishi ndani ya folda ya /etc, ambazo zinaweza kunakiliwa kwenye flashi na kuambatishwa kwenye hayo makabidhiano. Jiji lenye makao makuu ya Serikali linahitaji watu wanaojua kilichomo ndani ya mashine, na ujuzi huo haupatikani kwa kusoma tu darasani. Isitoshe, kompyuta yenye RAM ya GB 2 haiwezi kubeba vitu usivyovihitaji.

Mleta mada:

Nakubali kuhusu kuandika, na mfano wako wa fundi wa mtaani ni wa haki. Hata hivyo, orodha ya vifurushi humweleza mgeni kilichowekwa, haimwelezi kwa nini kiliwekwa. Kuhusu RAM, Debian nayo huwekwa bila madirisha kisha ukaongeza unachotaka, kwa hiyo wepesi huo si mali ya Arch peke yake. Gentoo sitaizungumzia sana: tangu Desemba 2023 inatoa vifurushi vingi vilivyokwisha kuandaliwa, lakini anayeshikilia kukompaili (kuijenga programu mwenyewe kutoka msimbo wake) kivinjari kikubwa kwenye mashine kongwe atasubiri saa nyingi, na umeme ukikatika katikati huenda akaanza upya.

Ninaweza kukubali mashine mbili au tatu za mazoezi katika kila maabara, zisizobeba matokeo ya mitihani wala mishahara ya mtu. Zilizobaki, ndugu yangu wa Chamwino, naomba useme ni nani atakayezisasisha wiki ambayo mwenye ujuzi yuko likizo, na bando lake litatoka kwenye kasma ipi.