Demo za singeli kwa lebo za nje: nitume nini, na kwa mpangilio gani?

Mbagala_BPM
Habari wakuu. Nina ngoma nne za singeli, spidi kati ya BPM (mapigo kwa dakika) 200 na 230. Tatu ni biti tupu, moja ina MC. Nataka kuzipeleka kwa lebo zinazotoa muziki wa dansi, Kampala na Ulaya. Naombeni majibu ya watu wanaoijua hii kazi:

Nitume WAV au MP3? Nifanye masta, yaani umaliziaji wa mwisho wa sauti, kwanza au niache? Nitume zote nne au moja? Ngoma ya pili nimejenga juu ya kipande cha kinanda kutoka kaseti ya zamani ya taarabu, nimekiongeza spidi karibu mara mbili. Hiyo inapita? Na ya nne niliiweka YouTube miezi mitatu iliyopita, ina watazamaji 900 hivi. Bado ni demo?

Fundi_Masikio
Nakujibu upande wa sauti, wengine watakuja na ya haki.

Tayarisha mafaili mawili kwa kila ngoma. La kwanza ni la kusikiliza: weka limita (kizuizi cha vilele vya sauti) kiasi, lisikike kwa nguvu zinazokaribiana na ngoma za lebo unayoiandikia, ila kilele kisivuke desibeli -1. Ukikiacha kikagusa sifuri, ukigeuza kuwa MP3 umbo la wimbi hubadilika kidogo, vilele vinaruka juu ya sifuri na sauti inakwaruza kwenye simu. La pili ni premasta: WAV ya biti (bit) 24, 44.1 kHz, bila limita kwenye chaneli kuu, vilele viishie kati ya -6 na -3. Hili hulitumi. Linakaa kwenye folda likisubiri, kwa sababu lebo ikikubali, mara nyingi itapeleka kwa fundi wake wa masta, na fundi hawezi kurudisha uhai uliominywa na limita.

Usihangaike kuifikisha demo kwenye -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, eti Spotify ndiko inakosawazisha. Mtu anayesikiliza demo 50 kwa mfululizo kwenye SoundCloud au kwenye kompyuta hana kisawazishaji. Ngoma iliyo chini sana itasikika nyonge kabla hajaipima kwa haki.

Sasa singeli yenyewe. Kosa linaloangusha demo nyingi za spidi hii ni mkia wa kiki, ule mdundo wa chini. Kwa BPM 200 pigo moja lina milisekunde 300. Kwa 230 lina 260 hivi. Ukichukua kiki ya hausi yenye mkia wa milisekunde 400, kila pigo linaanguka juu ya mkia wa pigo lililopita. Chini panakuwa uji, limita inabanwa muda wote, na ngoma nzima inapumua kama mtu mwenye pumu. Kata mkia ufike milisekunde 150 hadi 180, kisha ipe besi nafasi iliyobaki. Mwangwi nao ufupishe, maana mwangwi wa sekunde mbili kwa spidi hiyo unafunika mapigo zaidi ya sita.

Hakikisha kila kilicho chini ya Hz 120 kiko mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia. Spika za klabu nyingi zinaunganisha chaneli mbili huko chini, na besi uliyoitanua kushoto na kulia inaweza kujifuta yenyewe.

Na kama kile kinanda ulikivuta kutoka video ya mtandaoni badala ya kaseti yenyewe, fundi ataona. Sauti iliyobanwa sana hukatwa juu, mara nyingi kwenye kHz 16, na kwenye kioo cha spektramu, kinachoonyesha masafa ya sauti, panaonekana kama ukuta. Kaseti yenyewe ina mchakacho wake wa kelele, lakini ile ni kelele inayokubalika kwenye singeli. Ukuta haukubaliki.

SandukuLaDemo
Nyongeza kuhusu kutuma.

Usiambatishe WAV kwenye barua pepe. Biti 24 kwa 44.1 kHz ni karibu MB 16 kwa dakika, kwa hiyo ngoma ya dakika tano ni MB 80 hivi, na Gmail inakomea MB 25. Tumia linki ya faragha ya SoundCloud, ruhusu kupakua, usiiwekee muda wa kuisha. Linki za kutumiana mafaili zinazojifuta baada ya siku chache ni hatari: msikilizaji wa lebo anaweza kufungua barua yako wiki ya tatu, akute ukurasa mtupu, na hatakuandikia kukuomba nyingine. Kabla ya kutuma, ifungue hiyo linki kwenye simu ya mtu mwingine. Inayofunguka kwako kwa sababu umeingia kwenye akaunti yako inaweza isifunguke kwake.

Tuma ngoma mbili, zisizidi tatu. Ya kwanza iwe ile unayoiamini kuliko zote, na ndani ya sekunde 30 za mwanzo wazo la ngoma liwe limeshatokea. Utangulizi wa dakika nzima wa mapigo matupu ni wa DJ, na huo unaweza kuuongeza baadaye kwenye toleo la klabu.

Kuchagua lebo ndiko kwenye kazi kubwa, na ndiko watu wanakokimbia. Sikiliza matoleo kumi ya mwisho ya lebo. Kama huwezi kutaja mawili ambayo ngoma yako ingekaa katikati yake, hiyo si lebo yako. Singeli ina milango yake: Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Dar mwaka 2017, na tangu hapo zipo lebo za Ulaya ambazo masikio yao yameizoea spidi hii. Lakini lebo ya teknohausi ya BPM 124 haitabadilisha katalogi yake kwa ajili yako, hata ngoma iwe kali namna gani. Kisha soma ukurasa wao wa demo. Wengine wanataka fomu tu, wengine barua pepe, wengine wameandika wazi kwamba hawapokei. Aliyeandika kuwa hapokei, mheshimu.

Barua iwe mistari sita, Kiingereza chepesi kinatosha:

Mstari wa kichwa: Demo, jina lako la kazi, aina ya muziki, BPM.
Salamu kwa jina la lebo au la mtu anayepokea demo.
Wewe ni prodyuza wa singeli kutoka Dar es Salaam. Basi, wasifu mrefu hauhitajiki.
Kwa nini hao: taja toleo lao moja na useme ngoma yako inakutana nalo wapi.
Linki, majina ya ngoma, na kauli kwamba hazijatoka popote na sampuli zote zina ruhusa.
Namna ya kukupata.

Ile kauli ya mstari wa tano usiiandike kama si kweli. Na usitume barua moja kwa lebo 40 kwa pamoja huku anwani zote zikionekana. Hiyo inafutwa bila kusikilizwa, na jina lako linakumbukwa kwa ubaya.

Subiri wiki tatu hadi nne. Kumbusha mara moja, kwa sentensi mbili, kwenye mazungumzo yaleyale. Ukimya baada ya hapo ni jibu, peleka kwingine. Ukipeleka kwa lebo mbili kwa wakati mmoja, sawa, ila moja ikisema ndiyo, iarifu nyingine siku hiyohiyo.

Bi_Mirabaha
Mwanangu, hiyo ngoma ya pili usiitume bado.

Kuongeza spidi hakuondoi haki ya mtu. Rekodi ya taarabu ina haki mbili tofauti: haki ya utunzi, yaani melodi na mashairi, na haki ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa kwenye kaseti. Unahitaji ruhusa ya maandishi kwa zote mbili, na mara nyingi wenye haki hizo si mtu mmoja. Najua singeli ilizaliwa kwa kuzungusha vipande vya taarabu, na huo ni urithi wa kujivunia. Lakini mkataba wa lebo utakuwa na kifungu kinachokufanya uhakikishe kwamba kila sauti ni yako au ina ruhusa, na mwenye haki akijitokeza, gharama zinarudi kwako. Ukipiga upya kile kinanda mwenyewe umeondoa tatizo la rekodi tu, melodi bado ni ya mtunzi. Njia safi ni kutunga kipande chako kipya chenye ladha ileile, ukampa mpiga kinanda akipige.

Lupu, yaani vipande vya kujirudia, za kununua mtandaoni zina tatizo lake. Leseni inakuruhusu kuzitumia, lakini si wewe peke yako. Kama melodi kuu ni lupu iliyoachwa kama ilivyo, lebo haiwezi kuiingiza ngoma kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua sauti na mwenye haki, kwa sababu mfumo ule unadai haki za kipekee. Wakiiingiza, madai yatagongana na ya watu wengine waliotumia lupu hiyohiyo.

Ngoma ya nne: iliyo hadharani imeshatoka, hata kwa watazamaji 900. Ukiificha sasa, sema ukweli kwenye barua kwamba iliwahi kuwekwa. Kama ulipitia msambazaji, ina namba ya ISRC ya kuitambulisha rekodi, herufi na tarakimu 12. Toa namba hiyo kwa lebo, au rekodi moja itakuwa na utambulisho mara mbili na mapato yatagawanyika yasikojulikana. Kwa maoni yangu iache YouTube, na uwapelekee zile mbili zisizo na mgogoro.

Ikija ndiyo, utaletewa mkataba. Tafuta kwanza kama ni leseni au ni kuhamisha umiliki. Leseni ya miaka mitano au saba, haki zikarudi kwako, ni jambo la kawaida. Kuhamisha moja kwa moja bila malipo ya awali, kataa. Kisha angalia maneno "mapato halisi". Tuseme ngoma imeingiza dola 1,000 na mgawanyo ni nusu kwa nusu. Lebo ikitoa kwanza 150 za masta na 350 za matangazo, mnagawana 500, unapata 250. Si wizi, ila dai kikomo: gharama yoyote ikizidi dola 200, wakuombe kwa maandishi. Dai taarifa ya mapato kila miezi sita. Na haki ya utunzi isiingizwe kimyakimya kwenye mkataba wa rekodi.

Mlipaji akiwa Marekani atakutaka ujaze fomu ya kodi ya W-8BEN. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo mrabaha unaotoka kwa wasikilizaji wa huko hukatwa asilimia 30.

Lebo inayokuomba wewe pesa ili isikilize au itoe ngoma yako, achana nayo.

Mvita254
Kwa wenzetu wa Kenya mambo ni yaleyale, isipokuwa usajili wa kazi unafanyika KECOBO (bodi ya hakimiliki ya Kenya) badala ya COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania). Hakimiliki yako ipo tangu ulipotengeneza kazi, kote kuwili. Cheti ni ushahidi tu, lakini ni ushahidi mzuri, uchukue kabla ya kutuma.

Mbagala_BPM
Asanteni sana, nimeelewa. Ngoma ya pili naiondoa kwenye demo, natunga kipande kipya cha kinanda. Swali la mwisho: yule MC nilimlipa elfu 50 kwa simu, hatukuandikiana chochote. Inatosha?

Bi_Mirabaha
Haitoshi. Muamala wa simu unathibitisha kwamba fedha imelipwa, hauthibitishi ni haki gani imetolewa. Mashairi ni yake na sauti ni yake.

Kaeni chini muandike karatasi moja ya mgawanyo kabla barua haijaondoka, kwa sababu baada ya lebo kusema ndiyo kila mtu hupandisha bei. Iwe na jina la ngoma, majina yenu kamili na ya kazi, namba za simu, tarehe. Kisha asilimia mbili tofauti: moja ya utunzi, moja ya rekodi, kila moja ijumlike 100. Kama biti ni yako na maneno yote ni yake, utunzi nusu kwa nusu ni pa kuanzia. Andikeni ile elfu 50 ilikuwa ya nini: malipo ya kumaliza, au malipo ya siku ya kurekodi na asilimia yake ipo palepale. Andikeni kwamba anakuruhusu kuipa lebo leseni ya sauti yake, na jina lake litatajwa vipi kwenye toleo.

Sahihi zenu, shahidi mmoja, nakala mbili, piga picha. Akitaka kumwonyesha kaka yake au mwanasheria kwanza, mpe hizo siku. Demo itasubiri.